Mita Mbili na Nusu

Siku alipoletwa kwa mumewe, mkamwana alipimwa kwenye mwimo wa mlango kabla hajaonyeshwa chumba. Ukoo ule ulikuwa wa maseremala, na kila mtu wa nyumba alikuwa na alama yake pale. Baba mkwe alikuwa mita moja na robo tatu. Mumewe, moja na nukta nane. Mama mkwe alikuwa moja na theluthi mbili. Theluthi nazo haziishi ukiziandika kwa nukta, ila zinajirudia, na kinachojirudia, alisema baba mkwe, kina adabu zake.

Akamsimamisha mkamwana, akavuta utepe wa chuma, akaanza kusoma. Moja, nukta sita, moja, nane, sifuri, tatu, tatu, tisa, nane, nane, saba. Akaendelea. Kila alipomaliza tarakimu moja, utepe uliota mistari mingine midogo zaidi. Chai ikapoa, adhuhuri ikaingia, sauti ikamkauka.

"Huyu hakomi wala hajirudii," akasema, akaukunja utepe. Alama hakuweka.

Mumewe alikuwa akipiga randa ubao. "Baba ndiye fundi," akasema, mkewe alipomtazama.

Sheria ya nyumba ilieleweka. Wawili wa pale, uwajumlishe, uwatoe, uwazidishe, ungebaki na mtu wa pale pale. Lakini ukimjumlisha wa pale na asiyekoma, unapata asiyekoma, na hapo hapana cha kujadili. Kwa hiyo binti alipozaliwa, babu alimpima mara moja tu, akasoma mpaka kwenye tarakimu ya arobaini, akamrudisha kwa mama yake kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Mama na mwana wakapewa kona ya karakana, karibu na mapipa ya rangi.

"Wala si chuki, mwanangu," mama mkwe alimwambia mkamwana wakimenya viazi. "Ni hesabu tu."

Binti alipokuwa na miaka miwili na ushei, mchana mmoja wa joto walisinzia kwenye takataka za randa, kichwa cha mtoto kikigusa nyayo za mama. Baba mkwe alikuwa akipima ubao kando yao. Utepe ukamponyoka, ukawapitia wote wawili kutoka utosi wa mama hadi nyayo za mwana, ukakoma. Akainama. Akasoma tena.

"Mbili na nusu. Kamili!"

Jioni hiyo hiyo aliwawekea alama. Kwa kuwa mwimo ulikuwa mfupi, aliichora ukutani juu ya mlango, mkono wa mtu usikofika. Akawatengenezea na kitanda chembamba cha mita mbili na nusu, walale wamefuatana, mmoja akiishia pale anapoanzia mwenzake. Mtoto alilia usiku akitaka kifua cha mama. Mama alimfikia kwa nyayo tu, akambembeleza nazo.

Kisha mtoto akakua, kama watoto wanavyokua, na jumla haikubadilika. Binti aliporefuka upana wa kidole, mama alipungua upana wa kidole. Hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu. Mama mkwe alimpunguzia pindo za magauni. Mumewe alizoea kumwinamia akiongea naye, baadaye akaona ni tabu, akapunguza maongezi. Mtoto alipofikisha miaka sita, mkamwana alikuwa akikifikia kifua cha baba mkwe, na alishukuru, kwani angalau walihesabiwa.

Mwaka huo wifi yake akaleta mchumba, mwenye malori matatu na kibali cha kuvuna mbao. Akasimamishwa kwenye mwimo, viatu mkononi. Baba mkwe akavuta utepe. Moja, nukta saba, tatu, mbili, sifuri, tano, sifuri, nane. Mistari ikaanza kuota.

Mzee akaubana utepe kwa kidole gumba. "Moja na nukta saba," akatangaza. "Karibu nyumbani, mwanangu." Akaikata alama kwa patasi, ndefu na safi, karibu na yake mwenyewe.

Vigelegele vikapigwa. Mkamwana alikuwa amesimama hapo na sinia la soda.

"Baba," akasema, "na tarakimu zilizobaki?"

"Zipi?"

"Za shemeji. Hazijaisha."

Baba mkwe hakukasirika. Alimjibu kwa upole, kama anavyomweleza mteja kwa nini mlango umepinda. "Hizo ni ndogo mno. Mtu mzima hawezi kuhangaika na vitu vidogo kama hivyo."

Mchumba akachukua chupa kutoka kwenye sinia, akampapasa mkamwana kichwani. "Katoto kanajua hesabu haka! Ka nani?"

Mume alikuwa akifungua soda yake. Mama mkwe akatabasamu.

"Ka humu humu," akasema.

Na mkamwana akapeleka sinia kwa anayefuata.