Maganda ya Bartolomayo

Karanga hung'olewa asubuhi, udongo ukiwa bado na ubaridi, maana jua likishapanda ardhi hukaza na vikonyo vikakatikia ndani. Debora alilijua hilo tangu utoto wake. Alilishika shina la kwanza kwa mikono miwili, chini kabisa, akalitikisa, akalivuta. Lilitoka na karanga kama kawaida, nyingine zimekomaa, nyingine bado za maji, na katikati yake yalining'inia maganda matatu ya risasi.

Yalikuwa madogo, ya shaba, membamba kama penseli, mafupi kuliko karanga yenyewe, wazi upande mmoja. Kila moja lilikuwa na kikonyo chake. Debora aliyakung'uta udongo, akalilaza shina mizizi ikitazama juu, akaendelea na mstari.

Wifi yake Anyesi, kwenye mstari wa pili, naye akayapata.

"Wifi, mwaka huu mbegu ulitoa wapi?"

"Ndani. Zile zile za kaka yako."

"Kaka yangu hata akiwa hayupo lazima awe na lake," alisema Anyesi, akang'oa shina jingine.

Shamba lile liko nje ya Buigiri, ukishavuka korongo, na limepakana na shamba kubwa la mizabibu. Katikati kuna waya. Bartolomayo, mume wa Debora, alikutwa hapo msimu uliopita, amelala kifudifudi juu ya karanga zake, na nyuma ya sikio ana tundu ambalo ungeliziba kwa punje ya mtama. Polisi wakaandika kwamba alijikwaa kwenye kisiki. Sasa, shamba lile halina kisiki. Bartolomayo alivichimba vyote mwenyewe mwaka waliooana, na Debora alivipikia ugali mpaka vikaisha. Binti yao Ritha, anayefanya usafi kwenye ofisi za serikali Mtumba, akiulizwa na wenzake baba yake alikufaje, hujibu kisiki, kisha huinamia ndoo yake.

Debora hakutaka mengi. Alitaka mtu mmoja mwenye cheo, au mwenye bunduki, aseme kwa mdomo wake kwamba Bartolomayo alipigwa risasi. Asiseme kisiki.

Walizichambua karanga kwenye mashina, wakaanika kila kitu pamoja juu ya jamvi, karanga na shaba, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuambiwa shaba ianikwe peke yake. Kuku walipita wakidonoa karanga na kuiruka shaba. Zilipokauka, Anyesi aliyatenga maganda kwenye ungo, akayatikisa kusikiliza mlio wake.

"Haya tuyatoboe tushone njuga. Ngoma ya kipaimara ingenoga."

"Ngoja kwanza," alisema Debora. "Nitayapeleka kwa wanaoyajua."

Alijaza bakuli, akalifunika kwa kitambaa cha mezani, akaenda kituo cha polisi. Koplo Brighton, kijana mwenye adabu, alimpa kiti. Alichukua ganda moja, akaliinua dirishani, akatazama kitako chake.

"Hizi za bunduki ndogo hugongwa ukingoni, siyo katikati," alisema. "Ndiyo maana ganda lake halijazwi tena. Likishalia, limeshalia."

Alitazama jingine, kisha jingine. Kovu la ukingoni lilikuwa lile lile, mahali pale pale.

"Bunduki moja," alisema. "Na mimi naona ni risasi moja, ila imezaa."

"Ndiyo hiyo."

"Umeyapata wapi, mama?"

"Nimevuna."

"Una kibali cha kulima risasi?"

"Nina jembe."

Koplo alimweleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia. Wenye shamba la mizabibu walishasema bunduki yao haijawahi kulia, kwa hiyo hawawezi kuwa na maganda. Kama si yao, basi ni ya Debora, na Debora itabidi awekwe ndani kwa kukutwa nayo. Akiyakana, shamba lake litazungushiwa utepe na hakuna kulima mpaka upelelezi uishe. Na upelelezi hauwezi kuanza, maana hakuna aliyepigwa risasi.

"Yupo," alisema Debora.

"Huyo ana kisiki, mama."

Koplo aliyarudisha maganda yote kwenye bakuli, hata lile lililobingirika chini ya kabati, maana hakupenda libaki ofisini. Akamfungulia mlango, akamwomba asimsahau karanga zikishabanguliwa.

Njiani Debora alipita kwa Zaidi, anayenunua vyuma chakavu. Zaidi aliliweka bakuli kwenye mzani wake mkubwa. Mshale ulipanda, ukaenda, ukasimama kwenye uzito wa mwanamume mzima aliyekonda. Alipunguza maganda nusu. Mshale haukusogea. Aliacha ganda moja tu, mshale ukabaki pale pale.

"Huyu namfahamu," alisema Zaidi. "Alikuja kuniuzia betri, akapanda hapa. Akaniambia mzani wangu unamwonea."

"Alikuwa hapendi kuambiwa amekonda."

"Chukua tu bakuli lako, mama. Hili siwezi kulipakia kwenye lori."

Debora alilibeba kichwani. Kwake lilikuwa jepesi.

Jumapili baada ya ibada walikaa uani kubangua. Damas alikuja, kama alivyokuwa akija kila Jumapili tangu mazishi. Damas ndiye mlinzi wa shamba la mizabibu. Huimba besi kwaya moja na Anyesi, na ndiye humfungulia Debora bomba la upande wa pili wa waya, kwa kuwa bomba jingine liko mbali. Kijiji kizima kilijua bunduki ilikuwa begani kwa nani siku ile, ila hakuna aliyemuuliza, na yeye hakusema. Alikuja tu, akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akabangua.

"Mlinzi wa kulinda karanga zisibanguke," alisema Anyesi. "Ongeza mkono, kaka."

"Vidole vyangu vinene, dada Anyesi."

"Kwenye ugali sijaviona vikikusumbua."

Ndipo Anyesi aliposhika ganda la shaba ambalo halikuwa wazi. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na kichwa cha risasi, kijivu, laini.

"Hili lina punje," alisema, akampa Debora.

Damas aliacha kubangua.

"Mama, hiyo usiibane."

"Unaijua?"

Damas alijipangusa mikono kwenye suruali. Alisema kwenye kabati la meneja kuna boksi la risasi, na ndani yake kuna nafasi moja tupu. Meneja alishaapa bunduki haijawahi kulia, kwa hiyo nafasi ile haitakiwi kuwepo. Mpaka ijazwe, Damas haruhusiwi kuacha kazi wala kwenda likizo, na bunduki haiwekwi risasi nyingine.

"Mwaka mzima nazunguka na bunduki tupu. Tumbili wameshajua. Juzi mmoja amekuja kuninyang'anya kiazi mkononi." Akaokota karanga, akairudisha. "Mama yangu yuko Kondoa anaumwa. Sijamwona."

Debora aliishika ile risasi kwenye kiganja. Ilikuwa na joto la jua.

"Nafasi hiyo imekuwaje tupu, Damas?"

Damas alitazama kinu.

"Sema wewe. Mimi nimeshasema sana," alisema Debora.

"Nilimpiga mimi," alisema Damas. "Nililenga tumbili aliyekaa kwenye waya. Sikujua baba Ritha yuko nyuma yake, ameinama anang'oa. Akainuka. Nilimpiga risasi mimi."

"Rudia."

Akarudia, neno kwa neno. Anyesi alikuwa ameweka ungo chini ili maganda yasipige kelele.

Debora alikuwa amedhani maneno hayo yakishasemwa kitu kitamtoka kifuani. Hakikutoka. Kilikaa vizuri zaidi, kama mgeni aliyeonyeshwa kitanda. Alinyoosha mkono, akampa Damas ile risasi.

"Wifi," alisema Anyesi polepole, "ukimpa hiyo, kaka yangu amejikwaa milele."

"Najua."

"Sasa?"

"Mama yake anaumwa."

Jioni ile Debora alimpigia simu Ritha, akamweleza kwamba limesemwa.

"Nani mwingine kasikia?" aliuliza Ritha.

"Shangazi yako."

"Mama, shangazi ni wa kwetu."

Kisha salio likaisha.

Kesho yake meneja aliitia ile risasi kwenye nafasi yake. Ilienea. Alihesabu mara mbili, akafunga boksi, akasema si alisema, bunduki haijawahi kulia. Kisha akalifungua tena. Bunduki iliyo na hesabu kamili, alisema, haina sababu ya kutembea tupu, na tumbili wamezidi. Akachagua, akapakia, akampa Damas. Kuhusu likizo, zabibu za mwezi wa nane ziko njiani na bunduki imemzoea yeye. Wataongea baada ya zabibu.

Maganda mengine alipewa Anyesi. Aliyatoboa kwa msumari, akayashona kwenye ngozi, na wanawake wakayavaa miguuni kwenye ngoma ya kipaimara. Yalilia vizuri, mlio mwembamba, na wageni kutoka Chimwaga walirekodi kwa simu. Koplo Brighton alikuwepo. Alipiga makofi, akaondoka na karanga zake kwenye mfuko.

Kilikuwa kimebaki kipande cha karibu na waya, kilichopandwa mwisho, baada ya mvua ya pili. Debora alikiendea peke yake, asubuhi, udongo ukiwa na ubaridi. Shina la kwanza lilitoka na karanga na maganda, na la pili vilevile.

Damas alipita upande wa pili wa waya. Bunduki aliibeba tofauti, mbali kidogo na mwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mama yako anaendeleaje?"

"Bado anaumwa."

"Umeipakia."

"Ameipakia yeye. Ile ile uliyonipa. Niliijua kwa mchanga uliobaki ukingoni." Akatazama juu ya kichwa cha Debora, halafu akashusha sauti. "Tumbili wamehamia kwako, mama. Wako wawili nyuma yako, kwenye nguzo ya kona. Na meneja amesimama pale kwenye gari, anataka asikie ikilia."

"Nimesikia."

"Usiinuke, mama. Ukitaka kupumzika, pumzika ukiwa chini hapo hapo."

Debora hakugeuka kuwatazama. Alipiga magoti kwenye udongo, akaukunja mgongo mpaka kidevu kikakaribia majani, akalishika shina lililofuata, akalitikisa, akalivuta.