Meli ya Kumi na Moja

Usiku wa kuamkia leo niliota meli ya angani ya Shekue inapiga hodi jikoni kwangu. Ilivua injini zake zote mbili mlangoni, kwa adabu, ikaingia pekupeku.

Niwaeleze kwanza. Mimi na wenzangu hapa Lushoto tuna mchezo wa kuigiza tunaouandika kwenye kundi la simu. Kila mtu ana sayari yake, anaunda meli, anapigana vita vya maneno. Mimi ndiye mwamuzi. Kanuni ya Tatu niliitunga mwenyewe: kila sayari meli kumi, basi, ila meli mgeni haihesabiwi. Shekue ni rafiki yangu tangu utotoni. Mama yake, aliyenilisha na mimi vilevile, alipofariki, Shekue akaunda ya kumi na moja, akaiita Mama Shekue, akawa anaizungusha sayari hadi sayari kwa jina la ugeni. Mdoe, mchezaji mwenzetu, akaja juu: "Ugeni gani huu usioisha? Ivunjwe!" Kanuni ni kanuni, nikatangaza itavunjwa leo. Shekue hajanisemesha tangu Ijumaa. Imeniuma, siwafichi.

Sasa, huko ndotoni, meli imekaa kwenye kigoda. Ni ndefu kuliko mtaa wetu, lakini imeenea.

"Shikamoo mama," nasema.

"Marahaba. Hoza, umekonda! Hivi unakula wewe?"

Namwambia makande yapo kwenye sufuria. Anakula yeye. Kila akimeza tonge, dirisha moja la ubavuni linawaka taa.

Nageuka kumletea maji, na jikoni si jikoni tena, ni uwanja wa sayari yangu. Meli zangu kumi zimeketi mkekani, zinanong'onezana. Anaingia Kanuni ya Tatu, mwembamba, kavaa suti ya Kaunda, msumeno mkononi.

"Naambiwa kuna mgeni hapa. Kafika lini?"

"Tangu Rajabu nazunguka," anajibu Mama Shekue, mdomo umejaa.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kapewa?"

"Jembe! Wananikaribisha chai tu."

Kanuni ananigeukia. "Basi nakata. Ila mimi ni msumeno, bwana Hoza, nakata mbele na nyuma. Nikienda mbele nakata meli. Nikirudi nyuma nakata yule."

Naangalia. Shekue kasimama nyuma ya meli, kakunja mikono, hataki kunitazama.

Nachukua jembe nyuma ya mlango, ambao bado upo ingawa nyumba haipo, nampa Mama Shekue kwa mikono miwili. Analipima uzito.

"Mpini umelegea," anasema, "lakini litafaa."

"Huyu sasa ni mwenyeji," anasema Kanuni. "Wako wamekuwa kumi na moja. Mmoja apungue."

Meli zangu zote zinatazama chini. Kisha anainuka Ngurumo, mkubwa wao, niliyemwandika mwaka mzima, sehemu kwa sehemu. Anajilaza mwenyewe mbele ya Kanuni. Msumeno unaanza, nami naangua kilio.

"Acha kulia mbele ya wageni," ananikemea Ngurumo.

"Mgeni nani hapa?" anauliza Mama Shekue.

Nikaamka. Kabla hata ya kunawa uso nikaandika kundini: "Ngurumo nimeivunja. Mama Shekue si mgeni tena, anakaa kwangu. Hesabu ni kumi."

Mdoe akatuma dole gumba. Nikaikodolea simu macho, nikadhani nimechelewa. Kisha likaja neno la Shekue, la kwanza tangu Ijumaa.

"Amekula?"

Nikaenda jikoni. Naishi peke yangu, na sufuria nikishakula huwa naiacha mpaka inionee aibu. Ile ya makande ilikuwa imesuguliwa inang'aa, imegeuzwa kifudifudi juu ya ungo, kama alivyozoea marehemu kila akishatulisha.

Nikamjibu: "Amekula. Na sufuria kaosha."