Mnyofoo

Shangazi aliitoa karatasi ya hospitali chini ya godoro, imekunjwa mara nne, akaiweka mezani bila kumtazama binti wa kaka yake.

"Sikwenda," alisema. "Hii wiki ya tatu. Nimesoma mwenyewe kwamba nitafanyiwa mnyofoo wa titi. Mimi ninyofolewe kama paja la kuku?"

Mhariri, kama alivyoitwa kazini, na siku hizi hata nyumbani, alihisi kiti kimeota miiba. Shangazi huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Na neno lile alilijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndiye aliyeliunda, miaka minne nyuma, katika kamati ya istilahi za tiba. Kabla ya hapo madaktari walisema bayopsi, maabara wakaandika kipimo cha tishu, na wauguzi wakaongea juu ya kuchukua kinyama. Yeye akakitwaa kitenzi kunyofoa, akakivika kiambishi, na kamati ikampigia makofi.

"Ni kipande kidogo tu, shangazi, kama punje ya mchele. Wanakupiga ganzi, wanakitoa kwa sindano."

"Mbona hawakuandika hivyo?"

Mhariri aliliona titi la shangazi likiwa limevimba upande mmoja chini ya kanga, akayahamisha macho haraka.

Kesho yake kamati ilikutana kupitisha toleo la pili la vipeperushi vya wagonjwa. Mhariri alikaa, akasimama, akafungua dirisha, akalifunga. Profesa, mwenyekiti wao na mwalimu wake wa zamani, alipofika kwenye ukurasa wenye neno lile, Mhariri alinyoosha mkono.

"Naomba neno hili tulifikirie upya."

"Neno lako mwenyewe?" Profesa alivua miwani. "Dhana moja, istilahi moja. Sisemi hivyo kwa ukaidi. Nimemzika rafiki kwa sababu maabara mbili zilikiita kitu kimoja kwa maneno mawili, na daktari akadhani ni vitu viwili."

Wote walijua kwamba mzee hasemi uongo.

"Nami huenda nikamzika mtu kwa sababu ya neno moja," Mhariri alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Muuguzi Mkuu, aliyekuwa hasemi ila akiulizwa, alikohoa kidogo. "Wodini tuna neno la kumwambia daktari na neno la kumwambia mgonjwa. Hatujawahi kuyachanganya."

"Mgonjwa naye ana haki ya neno sahihi," Profesa alijibu.

"Sahihi kwa nani, mwalimu?"

Mwaka nenda mwaka rudi Mhariri aliwafundisha wanafunzi chuoni mabishano haya. Wataalamu wa kwanza wa istilahi walishika kwamba dhana hutangulia na neno ni kibandiko chake tu. Waliowafuata wakasema neno huishi midomoni mwa watu, likibadilika kwa anayesema na anayeambiwa. Aliyaeleza yote mawili kwa saa moja, kama kofia mbili zilizotundikwa ukutani, kila mtu achague yake. Hakuwahi kufikiri kwamba kati ya kofia hizo mtu anaweza kupotea.

Kikao kilivunjika bila uamuzi. Profesa alibaki ameukodolea macho ukurasa ule, kalamu mkononi, hakufuta wala hakuandika. Mhariri hakumsubiri.

Shangazi alikuwa jikoni akichambua mboga.

"Neno lile nililiunda mimi," Mhariri alimwambia, amesimama mlangoni.

Shangazi aliinua uso. "Wewe?"

"Mimi."

"Na shule yote ile niliyokusomesha." Alijifuta mikono. "Basi twende wote. Ukae mlangoni, unisikie nikipiga kelele."

Hospitalini hakupiga kelele. Alitoka baada ya robo saa, bandeji ndogo chini ya blauzi, akaketi kwenye benchi karibu na binti wa kaka yake. Majibu yangechukua siku kumi. Watu walipita na mafaili yao, viatu vikilia sakafuni.

"Na wakikuta kitu kibaya," shangazi aliuliza taratibu, "kinaitwaje?"

Mhariri alijua maneno matatu ya kukiita, yote ya kitaalamu. Aliushika mkono wa shangazi, akafungua kinywa, akaanza kulitafuta la nne.