Kiti cha Wageni

Madame Julienne alituletea viti vinne vya magurudumu kwa magari matatu na kamera mbili. Sisi akina mama tulikuwa wanne, na watoto wetu wanne wasiotembea. Tulipigwa picha mpaka watoto wakachoka kulia. Binti yangu Victoire shingo yake haimtii, basi niliambiwa nijifiche nyuma ya kiti nimshike kichwa, maana madame alitaka aonekane yeye peke yake na furaha yake.

Vilikuwa viti vizuri, sikatai. Vya hospitali yenye sakafu. Aliyevichagua hajawahi kukanyaga kambi yetu ya Mugunga, ambako chini ni mawe ya volkano matupu, hata kiatu kipya hakimalizi mwezi. Nilimsukuma Victoire hatua kumi na mbili. Gurudumu la mbele likazama kwenye ufa, mtoto nusura aanguke kifudifudi. Nikamfunga mgongoni kwa kitenge, na miaka yake tisa, nikakiburuta kiti hadi hemani kwetu. Hakikutoka tena.

Hatukuwa tumekaa tukimsubiri madame. Kila Alhamisi watoto wetu walikuwa na zamu ya kine mjini, mtaa wa Mabanga, kwa mtaalamu anayewanyoosha viungo. Mama mmoja anakwenda nao wote wanne, watatu wanabaki kupanga foleni ya maji na ya unga kwa niaba ya nyumba zote. Kamate, fundi wa chukudu aliyetoka Butembo, alitutengenezea mbili. Chukudu ni gari la mbao la magurudumu mawili, watu hubebea makala, yaani makaa, na viazi. Yeye aliziwekea viti vya kuegemea, vyenye mbao za kuzuia mbavu na mkanda wa mpira wa tairi kifuani. Anasukuma moja, shemeji yake nyingine. Kamate hakuomba picha.

Lakini kadi za kine zilitoka kwenye shirika la madame, na siku ya viti alitusomea karatasi: mtoto asiyetumia kiti atanyang'anywa, na kadi yake atapewa mwingine. Kabla ya kine, miguu ya Victoire ilikuwa imepishana na kukaza, hata kumwogesha ilikuwa kilio cha wote wawili. Sasa ilikuwa imeanza kuachana. Ile karatasi niliiogopa kuliko nilivyoogopa mabomu yaliyotukimbiza Masisi, na sisemi hivyo kwa kupamba.

Kwa hiyo nilikuwa na mpango. Walitangaza kwamba ziara ya ukaguzi ni Jumanne. Jumanne Victoire aliketi kwenye kiti mlangoni tangu asubuhi, amepakwa mafuta, anang'aa. Hakuja mtu.

Madame alikuja Alhamisi.

Hapa lazima niseme habari za mama mkwe wangu, Uwamariya. Siku tuliyokimbia aliacha masufuria yote, akabeba uzi wake wa kufuma. Kwake yeye, kumkalisha mgeni juu ya bidoni ya maji ni aibu ya ukoo mzima. Alipoona kiti kimekaa bure hemani, alikifumia vitambaa viwili vyeupe, kimoja cha mgongoni, kimoja cha kukalia, kirefu hadi kufunika magurudumu. Nikamwacha. Niliona angalau kiti kimepata kazi.

Basi siku hiyo narudi kutoka majini, naingia hemani na bidoni yangu, namkuta Madame Julienne ameketi juu ya vitambaa vyeupe, soda mkononi, ameegemea vizuri kabisa. Mbele yake amesimama Prezida Honoré, mkuu wa kamati ya kambi, anapiga picha kwa simu. Kila mgeni akija Honoré humpiga picha na kuituma palepale kwenye kikundi cha kambi, apende asipende.

"Mama Victoire, mutoto eko wapi?"

"Eko ku kine, madame. Leo ni Alhamisi."

"Ameenda na nini?"

"Na chukudu."

Akashusha pumzi. "Chukudu ni ya makala, mama. Haina norme ya usalama. Na kiti yenye tuliwapatia, iko wapi?"

Nikatua bidoni chini. Mama mkwe, aliyekuwa pembeni na uzi wake, akaniuliza mgeni anataka nini. Nikamwambia anatafuta kiti chake. Bibi akamtazama madame kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu mwenye homa.

"Si ameikaliya."

Madame akasimama haraka. Kitambaa kikanasa kwenye mkanda wake, kikaning'inia nyuma, yeye hakujua. Akafungua faili, akatoa kalamu. Nikaona anaandika jina la mtoto wangu, na hofu yote niliyokuwa nayo ikageuka hasira.

"Andika, madame," nikasema. "Lakini ile picha batu bote ba kambi bameshaiona. Bataniuliza: mutoto eko wapi wakati madame anaikaliya kiti yake? Nitabajibu eko ku kine, siku yenye weye mwenyewe uliandika ku kadi."

"Futa ile picha," akamwambia Honoré.

"Imeshaenda, madame," akajibu Honoré kwa fahari. "Na jina yako nimeandika."

"Ao uikale tena," nikasema, "tukusukume mpaka ku gari. Haiko mbali."

Madame akatazama mawe nje. Akatazama magurudumu membamba ya kiti. Kisha akaandika, akanipa nitie sahihi: *Kiti kinatumika vizuri. Kadi iendelee.* Nikasaini kwa herufi kubwa. Akaondoka akijikwaa, mkia mweupe ukimfuata mpaka garini, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia.

Jioni watoto walirudi. Nshobole, mama mwenzangu ambaye zamu ilikuwa yake, alinieleza kwamba Victoire alisimamishwa kwenye nondo akashikilia mwenyewe mpaka wakahesabu sita. Mara ya kwanza tangu azaliwe. Nililia, na sikujua ni furaha au ni zile hasira zilizobaki.

Mama mkwe hakulia. Alikuwa ameketi mbele ya kiti, anatafuta kitambaa chake.

"Hawa bageni gani," alisema, "banakuja kusaidia, banaenda na vitu ya batu."