Wasioitika

Ukitaka kumpata Esteria, usimwite. Nenda mpaka kwake, simama pale dirisha linapoweza kukuona, subiri. Atachungulia, atakutazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha atatoka na kukupa mkono kama mtu mwingine yeyote mwenye adabu zake, na chai ya maziwa utakunywa. Lakini ukipiga hodi, utakauka koo bure. Na ukimwita kwa jina kutoka njiani, kama watu wa milimani wanavyoitana kutoka shamba hili hadi lile la ng'ambo ya bonde, hutasikia kitu isipokuwa ng'ombe wake akicheua.

Watu wa kijiji kile, upande wa Vuga, walikuwa wameshaamua zamani kwamba ni majivuno. Nyumba yake waliiita kwa Wasioitika. Wachuuzi wa Lushoto waliokuja kununua kabichi na matunda walielekezwa hivyohivyo: pandisha, pita kanisani, pita kwa Wasioitika, kata kushoto. Esteria alilijua jina hilo na halikumchekesha. Sababu ya kutoitika ilikuwepo, ila hakuna aliyemuuliza, na yeye si mtu wa kuanza mazungumzo.

Mama mzazi wa bibi yake, akiwa bado msichana wa kutumwa maji, aliitwa na mjomba wake. Zama hizo wakubwa wa Usambara walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe kugombea kiti, na watu waliuzwa kama mbuzi, wakateremshwa hadi Pangani. Mjomba alisimama njiani akamwita kwa jina, kwa sauti ileile aliyomwitia siku zote akiwa na ndizi ya kuchoma. Msichana akaitika, akatua mtungi, akakimbia kwa furaha. Pembeni ya mjomba walikuwa wamesimama wanaume wawili wa kutoka bondeni. Hadithi yote ndiyo hiyo. Nyumba haikuchomwa moto, wala hakuna aliyekimbizwa porini. Aliitwa na mtu aliyempenda, akaitika.

Alirudi baada ya miaka mingi, akipandia upande wa Magoma, mgongoni ana mtoto wa kike na jina jipya alilopewa na bwana aliyemnunua: Salama. Jina lake la kwanza hakumtajia mtu, hata huyo binti yake, kwa kuwa ndilo lililomuuza. Nyumbani hawakumpokea. Mtu akishauzwa, walisema, si wa ukoo tena. Basi akajenga pembezoni, juu ya korongo, akamlea binti yake kwa neno moja: asiyeitika hauzwi. Binti akamfundisha binti yake, naye akamfundisha Esteria, kwa fimbo pale ilipobidi. Usiitike hata ukisikia sauti yangu, mama yake Esteria alikuwa akisema. Hasa ukisikia sauti yangu.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, hilo tunalijua sote. Hawa walikuwa wakishtukia nyoka aliyemuuma mtu mwingine, kabla wao hawajazaliwa. Shuleni Esteria alichapwa asubuhi baada ya asubuhi, kwa kuwa majina yalipoitwa alikaa kimya, mpaka mwalimu akachoka na kuanza kumtafuta kwa macho. Kisha akaolewa na Stephano, mwanamume mchangamfu, mwenye sauti. Stephano alikuwa akiita kutoka shambani, "Mama Eliudi! Mama Eliudi wee!" kijiji cha pili kikasikia, na mkewe yuko jikoni palepale, ulimi umeganda. Alitaka kuitika. Mungu anajua alivyotaka. "Nimeoa ukuta," Stephano alisema siku moja, na alikuwa na huzuni kuliko hasira. Sasa yuko Magoma na mwanamke anayesema abee kabla jina lake halijaisha kutamkwa.

Esteria hakumlaumu. Alilia siku zake, akanyamaza, akaendelea kulima.

Hata simu ilikuwa na vituko vyake. Mwanawe Eliudi, aliye Tanga, alipopiga, mama alipokea, akaiweka sikioni, akangoja bila kupumua mpaka kijana ajieleze vya kutosha.

"Mama, si useme hata haloo! Salio linaliwa."

"Nakusikia."

"Mambo ya utumwa yalikwisha zamani, mama."

"Yalikwisha kwa nani?"

Eliudi akakata simu. Yeye mwenyewe alikuwa ameachwa na mkewe kwa kosa lilelile la kutoitika. Aliondoka akimwambia kwamba kuishi naye ni sawa na kuishi na mtu aliyeko chumba cha pili. Ndipo Eliudi alipompandisha mlimani binti yao mdogo, Wema, akamwacha kwa bibi yake.

Wema alikuja akiwa mtoto wa kupayuka, wa kuitikia hata kunguru. Esteria alimpenda mpaka akaogopa. Na kwa kuwa alimpenda, alimfundisha. Alijificha nyuma ya migomba akamwita kwa sauti tamu kuliko asali, "Wema, njoo mama, nina muwa," na mtoto akija mbio alikuta bibi amemkunjia uso. Polepole akajifunza. Ikafika mahali ukimwita anachuchumaa palepale, anajikunyata, anaziba mdomo kwa kiganja na kukaa kimya kama jiwe mpaka bibi amguse bega. Ndipo muwa wa kweli ulipotoka, wakautafuna pamoja wakicheka. Kwa Esteria ule ulikuwa mchezo, na ndiyo furaha pekee iliyokuwa imebaki katika nyumba ile.

Mwalimu Sharifa, binti wa Tanga aliyepangiwa shule ya pale, alidhani mtoto ni kiziwi. Akampeleka kupimwa masikio, yakaonekana mazima. Akaja nyumbani, akapiga hodi mpaka akakata tamaa, na alipogeuka kuondoka mlango ukafunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ndani."

Akakaa, akapewa chai, akasema lililomleta. "Mama, huyu mtoto anasikia ila haitiki. Nikimwita aje ubaoni ananitazama kama nimemtolea kisu. Wenzake wameacha kucheza naye. Wakati wa mapumziko anakaa peke yake nyuma ya tangi la maji."

Maneno hayo yalimchoma Esteria, kwa sababu alilijua tangi lile tangu alipokuwa mwanafunzi. Hata hivyo alijibu, "Ni mtoto mtulivu."

"Siku moja atahitaji kuitika, mama."

"Na hiyo siku atakayoitika, utakuwepo wewe wa kumrudisha?"

Mwalimu hakuelewa. Alishukuru kwa chai, akaenda zake.

Ilikuwa masika, kipindi ambacho ukungu wa Usambara haukuombi ruhusa. Mchana huo Wema alitoka na kikapu na mundu mdogo kwenda kukata nyasi za ng'ombe ukingoni mwa korongo, kama kawaida yake. Mara ukungu ukashuka. Mparachichi wa mbele ya nyumba ukapotea, kisha zizi, kisha hata uzio. Wema hakurudi. Mvua za wiki ile zilikuwa zimelainisha udongo, na sehemu ya shamba la jirani ilikuwa imeporomoka na migomba yake yote hadi mtoni. Mto wenyewe ulikuwa unaunguruma kule chini.

Esteria alikwenda mpaka ukingoni akasimama. Alikuta kikapu kimepinduka, na udongo mpya umekatika pembeni yake. Alifungua mdomo, akaufunga. Katika maisha yake yote alikuwa amemwita mtoto huyu kwa ajili ya mchezo ule tu.

Akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Stephano aondoke. Alikwenda kwa jirani kuomba msaada. Kornelio alikuwa anachonga mpini, mkewe Eliza anachambua maharage. Walimwona ameingia bila kanga ya kichwani, wakajua.

"Wema yuko korongoni," alisema. "Hajarudi."

Hawakumuuliza zaidi ya hapo. Watu wale aliokaa miaka yote akiwachungulia dirishani walitoka mbio bila hata kufunga milango. Punde kijiji kilikuwa kimejipanga juu ya korongo, na kila mtu anaita. "Wema! Wema wee! Njoo mwanangu, tuko hapa!" Sauti za wanaume, sauti za akina mama, sauti za watoto wa shule waliokuwa hawachezi naye, zote tamu, zote zimejaa huruma. Esteria alizisikia zikiteremka ndani ya ukungu. Aliona kwa moyo kile ambacho macho hayakuweza kukiona: kila sauti inavyomfikia, mtoto anajikunyata zaidi, anarudi nyuma zaidi, anasogea chini kuelekea mtoni, kiganja mdomoni. Alikuwa anafanya vizuri sana. Alikuwa anafanya kama alivyofundishwa.

"Msimwite!" Esteria alimshika Kornelio mkono. "Nawaomba, msimwite."

"Tumtafuteje basi, mama, kwa kunusa?"

"Anawasikia. Anawakimbia nyinyi."

Kornelio alimtazama kama mtu aliyepungukiwa akili, kisha akamwonea huruma, na hiyo huruma ilikuwa mbaya zaidi. Akaendelea kuita.

Esteria akashuka peke yake, akishikilia mizizi, miguu inateleza. Alipofika pale udongo ulipokatika alijaribu. "Wema, ni mimi. Ni bibi." Sauti ilitoka tamu, sauti ya nyuma ya migomba, na yeye mwenyewe akaitambua. Ukungu ukanyamaza. Pengine mtoto alikuwa hatua chache tu kutoka pale, anamsikia, anasubiri kuguswa bega, na bega lenyewe halionekani. Hasa ukisikia sauti yangu. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alikuwa amekua vizuri kabisa.

Akakaa kwenye tope. Alimwaza Salama, ambaye hakuwahi kumwona, na kwa mara ya kwanza alimkasirikia. Kisha akamwonea huruma, kisha akajionea huruma mwenyewe, mwanamke mzima na mvi zake, aliyekaa miaka yote akijificha asiitwe na mjomba aliyekwisha kuoza kaburini. Baridi ilimwingia mpaka mifupani. Alijiona peke yake duniani, na hakuwa na wa kumlaumu, maana kila aliyewahi kumwita alimwacha aite mpaka akachoka.

Juu kule Eliza alikuwa ameona hayupo. "Mama Eliudi!" aliita kwa hofu. "Mama Eliudi wee! Uko wapi?"

Esteria hakupanga. Kitu kilijifungua kooni, kikauma kama mwiba unaotoka.

"Abee!"

Sauti ilikwaruza. Akavuta pumzi, akaitika tena kwa nguvu zote, na machozi yakimtoka. "Abee! Niko hapa! Niko huku chini, Eliza! Abee!"

Na kutoka chini zaidi, karibu na mto, katikati ya ukungu, mtoto akapiga yowe.

"Bibi! Bibi, usiitike! Nyamaza, bibi! Usiitike!"

Esteria aliifuata sauti ile kwa makalio, kwa magoti, akiporomoka na mawe. Wema naye hakuacha kupiga kelele, alikuwa anapanda kumfuata, analia, anamkemea, mpaka wakagongana kwenye magugu. Alikuwa amelowa chapachapa, goti limechubuka, mundu bado uko mkononi. Esteria alinyoosha mikono amkumbatie. Mtoto hakuiona mikono hiyo. Alimrukia usoni, akamziba mdomo kwa kiganja kilichojaa tope.

"Wamekusikia," alinong'ona. "Sasa watakuchukua."

Esteria alitaka kumwambia kwamba ni Eliza tu, ni Kornelio, ni watu wazuri. Kiganja kilikuwa kimembana mno. Juu yao matawi yalianza kuvunjika, nyayo zikashuka, sauti za wanaume zikasema wako hapa, wako hapa. Wema akautupa mundu, akamshika bibi yake kiunoni kwa mkono uliobaki, akafumba macho, akangoja wachukuliwe wote wawili.