Kaseti ya Badru kutoka Kambini

Kaseti ilipofika Vingunguti, nyumba nzima ilijua kabla Mwanaasha hajaishika vizuri. Ililetwa na askari aliyerudishwa kwa ugonjwa, naye hata chai alikataa. Aliitoa mfukoni, akamwambia imetoka kwa mumewe, Badru, akaondoka mbiombio.

Mwanaasha hakuwa na redio kaseti. Mwenye redio pale alikuwa mpangaji wa chumba cha mbele, Margareta, mjane wa Kihaya ambaye wote walimwita Mama Brightson. Brightson, mwanawe wa pekee, alikuwa kambi moja na Badru huko ng'ambo, walikopelekwa kulinda amani. Amani yenyewe, kwa tetesi za mjini, ilikuwa imebaki jina tu.

Na desturi ya nyumba zetu za kupanga mnaijua: kaseti ya mmoja ni ya wote. Ukienda kujifungia nayo chumbani, utasemwa mpaka uhame. Basi jamvi likatandikwa uani, wenye sufuria motoni wakaepua, watu wakaketi. Mama Brightson alivaa kitenge kipya na kilemba chake, utadhani mwanawe atamwona kupitia spika.

"Mwanaasha mke wangu, asalaam aleikum," Badru akaanza, na watu wakaitikia kama yupo. Akasalimia mmoja mmoja, hadi yule mpangaji waliyegombania naye maji. Kisha akasema, "Mama Brightson, shikamoo."

"Marahaba, baba," mama akaijibu redio.

"Brightson yuko lindoni, mama. Anakusalimia sana. Yeye ataongea kaseti ijayo."

Mama akasonya. "Mvivu tangu utotoni! Hata kumsalimia mama yake kwamshinda?"

Uani wakaangua kicheko. Mwanaasha naye alicheka, lakini akaacha kabla ya wenzake. Alimjua mumewe: akidanganya huongea harakaharaka, na hapo alikuwa ameongea harakaharaka.

Salamu zikaisha, ikabaki mikwaruzo. Mwanaasha akanyoosha mkono azime.

"Acha, mwanangu," Mama Brightson akamzuia. "Iache iishe. Labda Brightson wangu kawekwa mwisho."

Kumbe vijana kule kambini walikuwa wamesahau kuzima mashine ya kurekodia. Kiti kikalia, kisha ikasikika sauti ya mwanamume mwingine. "Badru, una roho gani wewe? Unamwambia mama wa watu mwanawe yuko lindoni, na juzi tu tumemzika?"

"Ulitaka nisemeje, Albano? Kwamba kafa kwa malaria ndani ya hema, hata vita yenyewe haijaanza?" Badru alikuwa analia. "Sie tuliambiwa tunakuja kulinda amani, braza. Amani ya nani? Dawa hamna, buti zinatuozea miguuni, na ukiuliza unaambiwa wewe askari, vumilia. Yule alivumilia mpaka akafa!"

Mwanaasha alitaka kuizima, akaurudisha mkono. Alimtazama Mama Brightson, akaona mdomo wake umeachama. Aliona haya, aliona hofu, akatamani ardhi ipasuke immeze. Kaseti ilikuwa yake, mume ni wake, na aliyeipeleka kwenye redio ya mfiwa ni yeye mwenyewe.

Mwanamke mmoja akapiga yowe, wengine wakadakia, mikono vichwani. Sauti ya Badru ikazama humo.

"Nyamazeni!" Mama Brightson akasema. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Nyamazeni, nimesema. Mume wa huyu bado anaongea."

Wakanyamaza. Mama akaongeza sauti ya redio, akamvuta Mwanaasha ubavuni kwake, akamshika mkono kwa nguvu. Wakamsikiliza Badru akimwambia Albano kwamba alfajiri wanapelekwa mstari wa mbele.