Kidole cha Aliye Hai

Joab Ouko alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha chai cha huku kwetu kwa miaka ishirini na minne. Alifariki Jumapili asubuhi, ghafla, akiwa anafunga kamba za viatu aende kanisani. Jumatano mke wake, Sally, alinipigia simu kibandani kwangu Kaplong, ninapotengeneza kompyuta, akaniomba nifike kwake kabla ya saa sita. Hakusema kwa nini, lakini nilikisia.

Mwaka uliopita ni mimi niliyemtayarishia Joab kompyuta yake ya mezani. Nywila zake zote tuliziweka katika sanduku moja ndani ya kompyuta hiyo, na sanduku lenyewe tukalifunga kwa ufunguo wa USB, kitu kidogo kisichozidi kidole gumba. Unauchomeka, unaandika namba ya siri, kisha unaugusa. Alipokuwa akichagua namba yake niligeuka nikatazama barabara, kama ninavyofanya kwa kila mteja. Nilimshauri aiandike kwenye karatasi na kuificha mahali. Akasema namba hiyo hawezi kuisahau. Nilipaswa kumsisitizia. Sikumsisitizia.

Nilikuta watu watatu sebuleni. Sally alikuwa mezani, mbele ya kompyuta. Kaka yake, Kipngetich, alikaa karibu na mlango. Kwenye kochi alikuwa Okoth, kaka mkubwa wa Joab, aliyekuwa amefika jana yake kutoka upande wa ziwani. Ni mzee mwenye heshima, na macho yake yana mtoto wa jicho. Alinisalimia kwa kuitafuta sauti yangu.

Walinieleza kwa zamu, bila kukatizana. Joab alikuwa amewaambia Sally na Okoth, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba ameandika mahali anapotaka kuzikwa na kwamba maandishi yamo kwenye kompyuta. Okoth alitaka kumpeleka nyumbani kwa baba yao, ambako vijana walikuwa wakingoja simu yake waanze kuchimba. Sally alitaka azikwe hapa, ukingoni mwa shamba la chai walilolinunua pamoja, mahali ambapo angemwona kila akifungua dirisha la jikoni. Nje, vijana wa Kipngetich nao walikuwa wamesimama na majembe. Neno moja tu ndilo lililowaunganisha: kilichoandikwa ndicho kitakachofuatwa.

Kompyuta iliwaka bila shida, kwa sababu watoto waliitumia kwa masomo. Faili ya barua yake tuliiona, imepewa jina Mazishi. Lakini Joab alikuwa ameifunga kwa nywila ndefu ambayo hata yeye hakuikariri, na nywila hiyo ilikuwa ndani ya sanduku. Sally akautoa ufunguo kwenye kitambaa alichoufungia. Nikauchomeka. Kompyuta ikauliza namba ya siri.

"Si hiyo kitu inataka kidole chake?" Okoth akauliza. "Basi tuibebe mpaka mochari. Kidole bado anacho."

"Na stima utachomeka wapi, shemeji?" Kipngetich akamwuliza. "Kwa jeneza?"

"Nyinyi watu wa chai mnacheka hata kwa matanga."

"Mzee," nikasema, "ufunguo huu haujui kidole cha mtu. Cha kwako, cha kwangu, ni sawa. Unataka tu kujua kwamba kuna mtu aliye hai hapa, anayeutaka ufunguke. Kinachomtambulisha mwenyewe ni namba."

Nikawaeleza na lililo baya. Tukikosea namba mara nane mfululizo, ufunguo utajifunga, na kwa jinsi nilivyoutengeneza mwenyewe, hakuna njia nyingine ya kulifungua sanduku. Nilikuwa na haja ya kuwaambia kwamba ningeweza kuweka ufunguo wa pili wa akiba, na kwamba sikuuweka. Nikawaambia. Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilinikalia vibaya zaidi.

Sally aliandika tarehe ya harusi yao. Ikakataa. Akaandika tarehe ya kuzaliwa kwa binti yao, Nelvine. Ikakataa. Nikasema zimebaki sita. Okoth akapendekeza namba ya kazi ya Joab, lakini Sally akatikisa kichwa. Alikuwa ameweka mikono mapajani, akikitazama kibodi kama mtu anayetazama mlango wa chumba asichotaka kuingia.  Kisha akaandika tarakimu nane, taratibu, na taa ya ufunguo ikaanza kuwaka na kuzima.

"Imekubali," nikasema. "Sasa inangoja kuguswa."

"Umeandika nini, mama Nelvine?" Okoth akauliza.

"Siku tuliyomzika Mathew."

Mathew alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alifariki akiwa na miaka miwili, kabla hawajawa na shamba, na walimzika kule ziwani, kwa babu yake. Kwa miaka yote niliyomfahamu Joab, hakuwahi kumtaja mbele yangu.

Sally akamshika Okoth mkono, akamleta mezani, akakiweka kidole chake juu ya ufunguo. Alisema hataki mtu aje kusema baadaye kwamba ulifunguliwa nyuma ya mgongo wa shemeji yake. Sanduku likafunguka. Nikaichukua nywila, nikaifungua barua, kisha nikaenda kusimama dirishani. Yaliyoandikwa humo hayakuwa yangu.

"Soma, shemeji," Okoth akasema. "Mimi sioni."

Sally hakusoma. Kipngetich alikuwa mbali na kioo cha kompyuta, na mimi nilikuwa nimewapa mgongo. Katika chumba kile alikuwa peke yake na maneno yale, naye alilijua hilo kama nilivyolijua mimi. Angeweza kusoma lolote. Nilisikia akivuta pumzi mara mbili. Nilidhani najua litakalofuata, na nilikuwa nimekwisha kumsamehe.

"Sally," akaanza kusoma. "Nikitangulia, nipelekeni kwa baba, nilale karibu na Mathew. Tumemwacha peke yake miaka mingi. Wewe kaa hapa kwenye chai yako, na mtu yeyote asikuhamishe. Nisamehe, nilishindwa kukwambia kwa mdomo."

 Okoth alikuwa bado amesimama, mkono mmoja juu ya meza.

"Ndiyo hayo tu," Sally akasema. Halafu akageuka kwenye kiti. "Shemeji, atakwenda. Lakini kwanza alale hapa nyumbani kwake usiku mmoja. Hilo ni langu, si la barua."

Okoth alifikiri. Akajibu kwamba atawaambia vijana wachimbe Ijumaa badala ya kesho. Joab alale hapa Ijumaa, na Jumamosi waondoke naye wote pamoja, Sally akikaa mbele kwenye gari linalombeba.

Kipngetich akatoka nje. Nilimwona akizungumza na vijana wake, nao wakayachukua majembe wakayarudisha ghalani.

Okoth akavuta kiti, akaketi karibu na Sally. Akamwomba asome tena pale penye jina la Mathew. Sally akasoma tena.